Arobaini na Mmoja

Barua yako, Baba Askofu, ilisomwa baada ya matangazo,
kati ya mnada wa keki na nia za misa za wiki.
Padre Declan aliisoma haraka, kama mtu anayevuka barabara,
na alipofika kwenye neno "kuunganishwa"
Bronė Stankus alizima kifaa chake cha kusikia.

Februari, bonde la makaa, Pennsylvania.
Theluji imeshika rangi ya majivu.
Migodi ilifungwa kabla sijapata kipaimara;
sasa ni zamu ya Mtakatifu Kasimiri.

Babu alikatwa dola moja kila mwezi kwa ajili ya kuta hizi.
Alilipia jiwe. Hakuambiwa ni lipi,
kwa hiyo alipita akiyagusa yote.

Tukakataa kutoka.
Usiku kumi na tisa tumelala humu
kwa orodha iliyobandikwa mlangoni mwa sakristia:
Vytas na mkewe Jumanne,
dada wawili wa ukoo wa Žukas Alhamisi,
na chupa za chai, na rozari, na soksi zisizokwisha kufumwa.
Ofisi yako ikakata gesi.
Maji ya baraka yakaganda. Tuliyavunja kwa ufunguo wa gari,
tukafanya ishara ya msalaba kwa barafu.

Usidhani tulikuwa na kauli moja.
Feliksas alisema utii ni utii, akachukua kofia yake,
akaenda kusali kule chini kwa Waayalandi,
kanisa ambalo babu yake aliambiwa akae nyuma.
Hatujamsemesha tangu siku hiyo.
Ila koleo la theluji ni lake,
na kila alfajiri tunakuta ngazi zimesafishwa.

Jana ukaja mwenyewe.
Bila fimbo, bila kofia ndefu; koti la mvua, viatu vilivyolowa.
Ukaketi benchi la nane, pale paa linapovuja,
na hakuna aliyekuonya.
Ukafungua faili.
Ubatizo, wawili. Mazishi, ishirini na sita. Ndoa, hakuna.
Wahudhuriaji wa Jumapili: arobaini na mmoja.
Vytas akafoka: "Nani kakupa uongo huo?"
Ukajibu, kwa upole, "Parokia yenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako.
Ni mimi, Baba Askofu. Aldona, mweka hazina,
miaka ishirini na miwili ya kalamu nyeusi
na senti hata moja haijapotea.
Kila Oktoba napanda kwenye roshani ya kwaya kuhesabu vichwa;
kutoka juu watu ni upara na skafu tu.
Thelathini na wanane. Nilirudia mara mbili.
Nikaionea haya karatasi,
nikaongeza watatu tuliowazika mwezi ule:
Jonas, kwa kuwa hakuwahi kukosa;
Petronelė, kwa kuwa mto wake bado uko bencha la tatu;
na mume wangu.

Nilifungua kinywa niseme.
Tone likakuangukia shingoni.
Ukainua uso, na kwa mara ya kwanza
nikakuona ukitazama paa, si gharama yake.
Ukauliza ndoo iko wapi.
Nikaenda kuileta. Ndivyo nilivyonyamaza.

Rufaa yetu iko Roma, ndani ya bahasha yenye stempu nyingi mno.
Tutashindwa, nadhani; mimi ni mtu wa hesabu.
Uongo wangu sijauungama.
Padre Declan ana parokia tatu na dakika kumi,
tena atanitaka nijute,
na kila nikiurudia mstari ule kichwani
mkono wangu unaandika vilevile.

Leo ni Alhamisi. Mmoja wa dada wale ana homa.
Nimekuja mahali pake na blanketi la marehemu.
Kwenye orodha, jina lake sikulifuta.